Msaada Uuao Swali

Yuko mtu akusaidiaye kubeba mzigo, na yuko mtu akusaidiaye kula chakula chako. Wote wawili huitwa wasaidizi, lakini wa kwanza hukuacha na nguvu, na wa pili hukuacha na njaa. Insha hii yamhusu msaidizi wa aina ya pili, naye si mtu mbaya. Ni mwalimu mwenye bidii, au mzazi mwenye mapenzi, au ndugu aliyesoma, ambaye kila yakaribiapo maonyesho ya sayansi ya wanafunzi hukunja mikono ya kanzu yake, akaketi mezani pa mtoto, akaifanya kazi iliyompasa mtoto kuifanya. Nia yake ni njema. Matokeo ya nia hiyo ndiyo niyashitakiayo hapa mbele ya wasomaji, wala sitayashitaki kwa upole.

Maonyesho na mashindano haya yana historia. Huko Ayalandi yalianza mwaka 1965 kwa juhudi za wataalamu wawili wa fizikia, Tom Burke na Tony Scott, kwa mfano wa yale yaliyokuwako Marekani. Jirani zetu wa Kenya wana kongamano la sayansi la wanafunzi la miaka mingi. Kwetu Tanzania, mpango uitwao Young Scientists Tanzania uliasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kuufuata mfano wa Ayalandi, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Tangu hapo wanafunzi wa sekondari kutoka pande nyingi za nchi wamesimama mbele ya waamuzi na kueleza walichokichunguza, na wako miongoni mwa washindi waliofunguliwa mlango wa chuo kikuu kwa ufadhili. Jambo hili ni la heri, na kalamu hii haikushikwa ili kulipinga. Nalipinga jambo jingine, lililojibanza nyuma ya heri hiyo kama kupe nyuma ya sikio la ng'ombe.

Desturi ambayo aghalabu huonekana ni hii. Tangazo la mashindano hufika shuleni. Mwalimu huitwa, huambiwa kwamba mwaka huu shule lazima ionekane. Mwalimu hutafuta katika vitabu, au hukumbuka kilichoshinda mwaka uliopita, akachagua jambo. Kisha huchagua wanafunzi. Na tazameni utaratibu huo, kwamba jambo lachaguliwa kwanza na mwanafunzi baadaye, kama vazi lishonwalo kabla mvaaji hajapimwa. Huchaguliwa wenye sauti nzuri na Kiingereza chepesi. Bango hupambwa. Maneno huandikwa, wanafunzi wakayahifadhi neno kwa neno. Siku ya siku mlima wa udongo hutoa povu la siki na magadi, au majani fulani huelezwa kwamba hufukuza mbu, na mtoto husema maneno yake pasipo kukwama. Lakini mwamuzi amwulizapo, "Ulipima mara ngapi?" mtoto humtazama mwalimu. Katika mtazamo ule mmoja habari yote imekwisha simuliwa.

Nini kimeibiwa hapo? Si tuzo, maana tuzo huenda imepatikana. Kilichoibiwa ni swali. Sayansi si rundo la majibu, kwani majibu yamo vitabuni na yeyote ajuaye kusoma aweza kuyachukua. Sayansi ni tabia ya mtu kuliona jambo asilolielewa, kukiri kwamba halielewi, kisha kuliendea kwa kipimo hadi lifunguke au lionyeshe kwamba halifunguki. Mwanafunzi aliyepewa swali pamoja na jibu lake hakufanya jaribio, ameigiza tu. Mwenye kuigiza hana lawama akiwa jukwaani, na mji wa Bagamoyo, wenye chuo mashuhuri cha sanaa, wajua heshima ya jukwaa. Lakini mwigizaji hajidai kuwa ndiye mfalme ambaye amevaa taji lake.

Wako watakaosema kwamba nayakuza mambo, kwamba swali la mtoto ni dogo na mwalimu ajua yaliyo makubwa. Kwao naleta ushahidi wa nchi hii hii. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba. Mwenziwe mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe yangali maji mazito. Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mtoto angeweza kunyamaza, na wengi hunyamaza. Lakini wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akamwambia kwamba yeye huweka vitu jokofuni vikiwa vya moto ili vigande upesi. Na akaona kwamba wauzaji wengine wa Tanga hufanya vivyo hivyo. Basi jambo ambalo mwenye shahada alilikana, wachuuzi wa pwani walikuwa wakilitumia kutafutia riziki. Alipofika kidato cha juu katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku ile darasa likapata mzaha: kila alipokosea hesabu, ikawa ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akafika shuleni Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza: vyombo viwili vya maji yaliyo sawa kwa kiasi, kimoja chenye joto la nyuzi 35 na kingine la nyuzi 100, vikitiwa jokofuni, kwa nini cha nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake waliona aibu kwa ajili yake. Osborne hakuona aibu. Aliahidi kulijaribu jambo lile. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo katika jarida la fizikia la Uingereza, na jina la mwanafunzi yule likawa jina la jambo lenyewe duniani kote.

Nawaomba wasomaji wayapime maneno ya yule fundi, maana ndani yake umo ugonjwa wote ninaousema. Kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu tulitakalo! Hivyo ndivyo kazi nyingi za mashindano zitengenezwavyo. Tena tusidhani kwamba thamani ya Mpemba yategemea kuwa alisema kweli isiyoweza kupingwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walilipima upya jambo hilo huko Uingereza, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Mjadala wangali nao. Lakini angalieni: zaidi ya nusu karne baada ya mtoto wa kidato cha tatu kuuliza, watu wenye maabara kubwa bado wapima kwa sababu ya swali lake. Niambieni, ni bango gani lililoandikwa na mwalimu lililopata kuishi umri huo?

Sasa tushuke Bagamoyo, na tufuate pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam hadi Saadani. Mara nyingi husemwa kwamba watoto wa huko hawana maabara, kwa hiyo hawana budi kupewa kazi iliyokwisha tayarishwa. Nasema wana maabara ambayo mwalimu wao hajaifungua mlango. Machumvini, maji ya bahari hutiwa katika mabwawa yakaukie juani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu zipatazo 35, na chumvi ya kula haianzi kujitenga mpaka maji yamepungua yakabaki kama sehemu moja ya kumi. Mfanyakazi wa machumvini aijua saa ile kwa jicho. Je, jicho lake na kipimo vyapatana? Ni siku ngapi katika kaskazi, na ngapi katika kusi? Hilo ni swali, nalo halihitaji chombo kutoka ng'ambo.

Au tutazame kisima. Pwani nzima wanawake walalamika kwamba maji ya kisima fulani yalikuwa matamu na sasa yana chumvi. Chini ya ardhi maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Na wataalamu wana kanuni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hukisiwa kubeba mita zipatazo 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo atekaye kupita kiasi hushusha kidogo juu, na chumvi hupanda sana chini. Mwanafunzi aweza kuchukua lita moja kutoka kila kisima cha kijiji, akaichemsha hadi ikauke, akaupima ugaga uliobaki kwa mizani ya sonara, akafanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka atakuwa na jambo ambalo mwalimu wake halijui, na huenda halmashauri yake hailijui pia. Mama yake atalisikiliza kuliko atakavyosikiliza habari ya mlima wa siki.

Tena uko mwani. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na upande wa bara wanawake wa Mlingotini, karibu na Bagamoyo, ni miongoni mwa wakulima wake. Aina yenye bei nzuri, iitwayo kotoni, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yazidipo kupata joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo. Binti wa mkulima huyo, mwenye pimajoto moja na daftari moja, aweza kupima joto la maji wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, kamba iliyo karibu na ufuo na kamba iliyo mbali, akapima na uzito wa mwani wa kila kamba. Mama yake ajua mengi ya hayo kwa mkono. Binti atayajua kwa tarakimu. Na pale mkono na tarakimu visipopatana, hapo ndipo sayansi ianzapo.

Mpinzani wa pili husema: mtoto akiachwa peke yake atashindwa, na kushindwa kutamvunja moyo. Jawabu langu laweza kuonekana Bagamoyo kwenyewe. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo chake mjini humo, na mwezi wa Mei 2009 ndipo yalipoanza hapo majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo yalienea katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, yakahusu watoto zaidi ya 15,000. Matokeo yalikuwaje? Miongoni mwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 hivi katika muda wa miaka ipatayo minne. Si mia kwa mia. Si hata nusu. Watafiti hawakuificha tarakimu hiyo wala hawakuipamba. Waliitangaza kama ilivyo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike, kwa kuwa theluthi moja ya homa ikizuiliwa katika bara lenye homa nyingi ni maisha ya watoto wengi.

Mwanafunzi apitaye karibu na kituo hicho kila asubuhi angalifundishwa kwamba nusu ya mafanikio, ikisemwa kwa ukweli, ni sayansi kamili. Badala yake, atengenezapo kazi yake ya mashindano, hufundishwa kwamba dawa yake lazima iue mbu wote na chujio lake lazima lisafishe maji yote. Tunamfundisha kusema uwongo mdogo katika umri mdogo, kisha twashangaa asemapo mkubwa katika umri mkubwa.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu kuliko wote, nami namheshimu. Husema: mtoto wa maskini hana njia nyingine, tuzo yaweza kumpeleka chuo kikuu, je, mwalimu asimsaidie ashinde? Neno hilo lauma. Lakini tulifuate hadi mwisho wake. Ikiwa ushindi hupatikana kwa msaada, basi atashinda mwenye msaidizi bora. Na nani ana msaidizi bora, mtoto wa mvuvi wa Saadani, au mtoto ambaye babaye ni mhandisi na shule yake ina maabara nne? Mashindano ya wanafunzi yakigeuka mashindano ya wasaidizi, maskini amekwisha shindwa kabla ya kuondoka kwao. Lakini katika kuuliza juu ya kisima cha kijiji chake, mtoto wa mvuvi hana wa kumzidi, maana hakuna mhandisi wa mjini aliyekunywa maji yale tangu utotoni. Kumnyang'anya swali lake na kumpa la kitabuni ni kumnyang'anya silaha ya pekee aliyokuwa nayo.

Jambo moja zaidi halinabudi kusemwa katika jarida la lugha hii. Sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na mtoto wa pwani huota kwa Kiswahili. Anapohifadhi maelezo yake kwa lugha ambayo hawezi kugombania ndani yake, huwa amefungwa mdomo kwa kamba iliyo nzuri. Maneno anayoyahitaji anayo: bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, mkandaa na mchu, katika kila neno la hayo umo upimaji wa karne nyingi. Mwamuzi ayafanye haya: baada ya kusikia hotuba iliyohifadhiwa, amwambie mwanafunzi, "Haya, sasa nieleze kama utakavyomweleza bibi yako." Aliyefanya kazi kwa mikono yake atafunguka kama bahari. Aliyefanyiwa atanyamaza.

Basi msaada ulio halali ni upi? Mwalimu amwulize mwanafunzi ni jambo gani nyumbani kwao lisilomwelea, na asimharakishe. Amfundishe kupima, na kupima tena, na kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Amtafutie mizani na pimajoto, hata kwa kuazima. Amwonye juu ya hatari, kwani moto na dawa kali havina mzaha. Amsahihishie sarufi, asimsahihishie tarakimu. Na aulizwapo, "Mwalimu, jibu ni nini?" awe na ujasiri wa kusema, "Sijui, ukilipata, uniambie." Neno hilo la "sijui" halimpunguzii mwalimu heshima. Wale wawili waliomcheka Mpemba walidhani wanailinda heshima yao, na leo wanakumbukwa kwa kicheko hicho tu.

Waamuzi nao wana sehemu yao, tena kubwa, maana mchezaji hucheza kwa ngoma ipigwavyo. Maadamu bango lenye rangi hupewa alama kuliko daftari lenye madoa ya maji ya chumvi, shule zitanunua rangi. Daftari na liombwe kwanza, lenye tarehe, lenye makosa yaliyofutwa, lenye siku ambazo jaribio halikwenda sawa. Mwanafunzi asemaye, "Nilidhani hivi, nikapima, nikaona sivyo," apewe alama kwa neno hilo. Na katika kila maonyesho iwekwe tuzo moja kwa swali lililo bora, hata kama mwenye nalo hajapata jibu.

Najua mwalimu asomaye maneno haya ana darasa lenye wanafunzi wengi, vifaa haba, na mkuu wa shule anayedai ushindi. Siandiki ili kumwongezea mzigo. Kazi niisemayo ni nyepesi kuliko ile aifanyayo sasa, kwa kuwa ile ya sasa humkesha akitengeneza jambo lisilo lake kwa ajili ya mtoto asiyelijali. Na aitue chini. Mtoto anayo miguu, na pwani iko mbele yake na maji yanakupwa. Mwache ashuke akapime mwenyewe, arudi na matope magotini na tarakimu mkononi. Nasi tukae tayari kusikia jambo ambalo hatukulijua.